Mguu Unaposoma Ramani: Kurudi Mashindanoni Baada ya Kuteguka

Mheshimiwa Mwenyekiti, makocha wetu, wakimbiaji wenzangu, na ninyi wazazi mnaotusubiri mwisho wa kila mbio mkiwa mmetushikia maji na makoti,

Niliombwa nizungumze juu ya kurudi mashindanoni baada ya kuumia, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu msimu uliopita hakuna aliyeonekana akichechemea kunishinda. Nilikubali kwa sharti kwamba sitazungumzia ujasiri, kwa kuwa habari za ujasiri wa majeruhi mmeshazisikia za kutosha. Nataka kuzungumzia jambo dogo zaidi, ambalo mimi sikuwahi kuonywa nalo na mtu: kwamba katika mbio zetu za ramani na dira, yaani orientiringi, ambamo mkimbiaji hupita vituo vilivyochorwa kwenye ramani akijichagulia njia mwenyewe, na hasa zile za mjini, mguu mgonjwa haumpunguzii mkimbiaji kasi tu. Humwingilia pia katika kuchagua njia, tena humwingilia kimyakimya, hivi kwamba yeye mwenyewe anaweza kuapa kuwa alichagua kwa akili zake timamu.

Mimi niliteguka kifundo cha mguu wa kulia katika mazoezi ya kawaida kabisa. Nilikuwa nikishuka ngazi za mawe huku macho yakiwa kwenye ramani, nikahesabu vidato vibaya, nikadhani nimefika chini ilhali kilikuwa kimebaki kimoja. Unyayo ukapinduka kwa ndani, uzito wote ukaangukia upande wa nje wa kifundo, na nikasikia mlio mdogo kama wa uzi mnene unapokatwa kwa meno. Waliokuwa nami wakaniambia nijaribu kupiga hatua nne. Idadi hiyo hawakuibuni wao: katika kanuni za Ottawa, ambazo madaktari wa Kanada walizichapisha mwaka 1992, majeruhi wa kifundo asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia anapobonyezwa sehemu fulani za mfupa, hupelekwa kupigwa picha ya eksirei, kwa kuwa huenda amevunjika. Nilizipiga nne zangu. Nikapiga na ya tano ili kuwaonyesha kwamba sina neno, na hiyo ya tano ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Kilichofuata mnakijua wengi wenu kwa uzoefu: uvimbe, rangi ya zambarau iliyoteremka hadi kwenye vidole, na siku za kupanda ngazi kama mtoto mdogo, mguu mzima ukitangulia na mbovu ukifuata. Sitakaa sana hapo. Ninalotaka mlishike ni kwamba maumivu huondoka mapema kuliko kazi ya mguu inavyorudi. Zile kano za upande wa nje, ambazo ndizo huumia mara nyingi tunapoteguka, si kamba za kufungia mifupa tu. Ndani yake mna ncha za neva zinazoupasha ubongo habari za jinsi unyayo ulivyokaa, na kano zikichanika habari hizo huharibika au huchelewa. Mguu unaanza kupinduka, na msuli uliopaswa kuurudisha unapata taarifa wakati mambo yameshaharibika. Hii ni sababu mojawapo ya aliyeteguka mara moja kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena kuliko yule ambaye hajawahi.

Kwa hiyo mazoezi ya kurudi hayakuwa ya nguvu peke yake. Mtaalamu wa viungo alinipa kazi iliyonichekesha siku ya kwanza na kunitoa jasho siku ya pili: kusimama kwa mguu mbovu, bila kushika kitu, kwa nusu dakika. Kisha kusimama hivyo nikiwa nimefumba macho, na hapo ndipo nilipogundua ni kiasi gani macho yalikuwa yakiusaidia mguu bila mimi kujua. Kisha juu ya mto. Hatua iliyofuata niliiongeza mwenyewe, naye hakuipinga. Nilichukua ramani za mbio za zamani, nikasimama kwa mguu ule mmoja, na nikajitahidi kupanga njia kutoka kituo hadi kituo kabla mguu haujaanza kutetemeka. Majuma ya mwanzo sikuweza kufanya yote mawili. Nikiisoma ramani, mguu unayumba. Nikiutuliza mguu, ramani inabaki rangi tupu zisizo na maana. Hapo nilipaswa kuelewa kitakachonipata mashindanoni, lakini sikuelewa.

Niruhusuni nitoke kando kidogo, kwa sababu ushauri mwingi tunaopeana kuhusu kurudi umetoka msituni. Mchezo wenyewe umetoka huko. Mashindano ya kwanza ya raia yalifanyika Norway mwaka 1897, na ni katika misitu ya Sweden, kuanzia mwaka 1919, ambako Ernst Killander aliufanya uwe mchezo wa watu wengi. Mbio fupi za kasi, ambazo leo kwa kawaida hukimbiwa mitaani, katika viwanja vya vyuo na kwenye bustani, ziliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2001 tu, huko Tampere nchini Finland. Basi si ajabu kwamba mkongwe wa msituni humwambia majeruhi aanzie kwenye udongo laini, akisema lami inaua viungo. Mimi sikubaliani naye kwa habari ya kifundo kilichoteguka. Udongo wa msituni ni laini, lakini huficha mashimo na mizizi chini ya majani, na mguu unaopata habari kwa kuchelewa hauna ugomvi mkubwa kuliko na kitu kilichofichika. Mjini kila kitu ni kigumu, ila kinaonekana. Tena mjini, mguu ukikataa, unatoka njiani na kutembea hadi mwisho wa mbio kwa dakika chache, badala ya kusubiri kubebwa.

Hata hivyo mji una ukatili wake, nao ni kona na ngazi. Anayekimbia mjini hukata kona kali baada ya kila mita chache, na kifundo cha nje hubeba mzigo katika kila kona. Wala ngazi si za mji wenye mteremko peke yake. Fikirini Venice, ambako mbio fupi za ubingwa wa dunia zilikimbiwa mwaka 2014: huko kwenda mbele ni kuvuka madaraja, na karibu kila daraja ni kupanda vidato na kushuka vidato. Nilikosea ngazi katika mazoezi, na ni katika ngazi ambako hofu yangu iliweka makao.

Mbio nilizorudia zilikuwa ndefu kidogo, za kilomita sita na vituo 22 katika sehemu ya zamani ya mji. Nilizichagua kwa makusudi badala ya zile fupi. Katika mbio fupi mshindi hupangiwa kumaliza kwa dakika 12 hadi 15, na kwa mwendo huo hakuna mahali pa kujihurumia. Mbio zikiwa ndefu, mtu anaweza kujipangia mwendo wake asionekane kituko. Ramani ilikuwa ya kipimo cha 1:4000, ambapo sentimita moja ni mita 40, na nilipokuwa mzima sentimita moja ilinichukua sekunde kumi. Nilikuwa nimefungwa kifundoni plasta ya kunata, ya kukizuia kisipinduke, nimevaa viatu vya soli ya raba isiyo na misumari, na nimepewa ruhusa na mtaalamu. Nilijiona nimejiandaa kikamilifu.

Kipande cha kwenda kituo cha tatu ndicho kilichonipa somo, ijapokuwa nilililipia bila kujua. Kituo kilikuwa katika ua wa ndani, chini ya ukuta mrefu. Kulia palikuwa na barabara iliyozunguka polepole hadi langoni. Niliifuata, kidole gumba kikitembea juu ya ramani kama inavyofundishwa, nikaiona bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe, nikagusisha kwenye kifaa cha kituo kijiti cha elektroniki kilichofungwa kidoleni, cha kuthibitisha kwamba nimefika, kikalia, nikaondoka nikiwa na furaha. Nilijiambia kwamba nimechagua njia rahisi, isiyo na hatari ya kupotea. Baada ya mbio, tulipokuwa tumezunguka meza tukilinganisha muda wa kila kipande, kijana mmoja wa kundi letu akaniuliza kwa heshima zote, "Kaka, mbona hukushuka zile ngazi za kushoto?" Nikamjibu kwamba niliziona nikaziacha, mguu haukuwa tayari. Ulikuwa uongo. Nilipoitazama ramani upya, zile ngazi zilikuwepo, zimechorwa vistari vyembamba vilivyopangana kama meno ya chanuo, pembeni kabisa mwa mstari wa zambarau uliounganisha kituo cha pili na cha tatu. Macho yangu yalikuwa yamepita juu yake na hayakuziona. Nilipoteza sekunde 40 katika kipande ambacho hata mtu anayeshuka kwa kutembea, mkono kwenye reli, angepoteza kumi.

Ndugu zangu, kuacha ngazi kwa kuziogopa si kosa. Pengine ilikuwa busara. Kosa langu ni kwamba sikuziacha. Mguu ulikuwa umezifuta kwenye ramani kabla akili haijafika, na nikabaki kuchagua kati ya njia moja.

Halafu, kama ilivyo kawaida ya majeruhi, hofu ilipolala ikaamka jeuri. Kufikia kituo cha nane nilikuwa nimepata joto, kifundo kimetulia, na mwenzangu aliyeanza dakika moja baada yangu akawa amenikaribia. Njia ya kwenda kituo cha tisa iliteremka kwenye mawe ya mviringo yaliyosuguliwa na miaka. Niliitelemkia kama mtu asiye na historia. Katikati, unyayo ukatua ukingoni mwa jiwe, ukaanza safari ile ile ya kupinduka kwa ndani, na plasta ikaukamata. Sijui kama ni plasta au ni zile nusu dakika za kusimama kwa mguu mmoja. Yawezekana ni vyote viwili. Nilisimama nikishikilia mlingoti wa taa, moyo ukinidunda, na mwenzangu akanipita akiuliza kama niko salama.

Pale penye mlingoti ndipo nilipofanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Mnafahamu wote kwamba katika ramani za mjini kuna vitu ambavyo havivukwi. Rangi ya kijani cha zeituni ni eneo lililokatazwa: bustani ya mtu, maua ya manispaa, uwanja wa nyumba. Mstari mnene mweusi ni ukuta usiovukwa, hata kama kwa macho yako unauona ni mfupi na unaweza kuuruka. Anayevuka huondolewa katika matokeo, na ni haki, kwa sababu mashindano ya mjini yanaishi kwa hisani ya wenye mji, na kwa sababu ushindani hauwezi kuwa sawa ikiwa kila mmoja ataamua mwenyewe ukuta upi ni mrefu. Lakini tazameni jinsi katazo hilo linavyomsaidia mkimbiaji. Akiiona zeituni haijadili. Hajiulizi kama leo ana nguvu, wala kama mpinzani yuko nyuma. Anaizunguka, na akili yake yote inabaki kwa ajili ya njia zilizo wazi.

Basi nikaamua pale pale kwamba mimi nina zeituni yangu. Kukimbia kwenye mteremko wa mawe ni zeituni, mawe hutembewa. Kuruka chochote, hata ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, ni zeituni. Ngazi za kupanda ni ruhusa kukimbia. Ngazi za kushuka ni ruhusa, lakini kwa kutembea, mkono kwenye reli, na ramani imeshushwa chini, haisomwi. Ngazi za kushuka zisizo na reli ni zeituni. Ilinichukua kama sekunde ishirini kuyasema hayo kwa sauti ya chini, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto akanitazama kwa huruma.

Tofauti ilionekana katika kipande cha kumi na nne. Palikuwa na ngazi tena, ndefu kuliko zile za kwanza, na mara hii niliziona mara moja. Niliona pia reli, kwa maana ya kwamba nilijua nitaitafuta nikifika. Nikahesabu: njia ya ngazi, sehemu yake ikiwa ya kutembea, dhidi ya njia ya kuzunguka kwa kukimbia. Ngazi zikashinda kwa kiasi kidogo. Nikazishuka polepole kama mzee anayeshuka kutoka kwenye basi, vijana wakinipita kwa kishindo, na nikatoka chini nikiwa najua nilipo, njia ipi inafuata, na kona ipi ya jengo inaficha bendera. Mmoja wa wale walionipita nilimkuta chini, ameigeuza ramani mara mbili, akitafuta kaskazini. Sikumcheka, kwa sababu vituo vitatu mbele nami nilijikuta juu ya daraja nikiitafuta bendera iliyokuwa chini yake, kosa ambalo karatasi ya maelezo ya vituo ilikuwa imenionya nalo waziwazi. Hilo halikuwa kosa la mguu. Lilikuwa langu, na kwa namna ya ajabu lilinifurahisha, maana ilikuwa dalili kwamba nimerudi kukosea kama watu wengine.

Nilimaliza nikiwa wa 29 katika daraja langu la washindani, kifundo kikiwa na joto lakini hakijavimba. Katika mbio za namna ile, mwaka mmoja nyuma, nilikuwa wa saba.

Makocha wangu wapenzi, neno langu linalofuata ni lenu, nanyi mtaniwia radhi. Mnapoamua kama mwanamichezo yuko tayari, mnapima kifundo. Mnamwambia anyanyue kisigino kwa mguu mmoja na kuhesabu kama idadi inalingana na mguu mzima, mnamwambia arukeruke kwa upande, akimbie kwa umbo la nambari nane, na mnafanya vyema, kwa kuwa kipimo cha namna hiyo kina maana kuliko kuhesabu majuma kwenye kalenda. Naomba mwongeze kimoja. Mpeni ramani ya mbio ambazo hajawahi kukimbia, mwambieni achore njia yake kwa kila kipande akiwa ameketi kitini, na kisha mwambieni ataje njia alizoziacha na sababu ya kuziacha. Asiyeweza kutaja njia aliyoiacha hakuiona. Akiwa haoni ngazi wala miteremko hata akiwa ameketi, mguu wake ndio unaosoma ramani, hata kama kisigino kinanyanyuka mara thelathini. Kijana huyo asikatazwe mbio, ila azungumzwe naye, na atunge zeituni yake mwenyewe, iandikwe, naye aisome asubuhi ya mbio kama anavyosoma saa yake ya kuanza.

Na zeituni hiyo lazima ipungue kadiri muda unavyokwenda. Nilifanya kosa la kuiacha vilevile kwa mbio tatu mfululizo, na katika ya tatu nilikuwa nikitembea kwenye ngazi ambazo mguu ungeziweza kwa kukimbia, kwa raha ya kuwa na kisingizio. Sasa baada ya kila mbio nafuta kimoja au nabakiza vyote, lakini nafanya hivyo nikiwa mezani, mguu ukiwa umepumzika na mpinzani akiwa ameshakwenda kwao. Njiani haifutwi. Kilichobaki katika orodha yangu ya mbio zijazo ni ngazi za kushuka zisizo na reli, na mawe ya mviringo yakiwa yamelowa.

Wapo watakaosema kwamba haya yanawahusu wakubwa, na kwamba vijana hupona haraka. Hupona haraka, ni kweli, na kwa sababu hiyo hurudi haraka, na wengine wao wako katika safu za nyuma humu ukumbini wakiwa wamefungwa plasta ya pili. Sitawataja. Mmoja ameshainamisha kichwa.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda umekwisha na kwamba kuna maswali. Nitayapokea yote, lakini kabla ya swali la kwanza naomba wote msimame, ninyi wazazi pia. Nyanyueni mguu mmoja, bakieni juu ya ule mnaouamini kidogo zaidi, na msishike kiti cha jirani. Nusu dakika. Macho mnaweza kuyaacha wazi kwa leo.